Nimeunda ndege Kariakoo, mama kaninunia!

MSOMAJI wangu, ukisikia mtu mzima na akili zake timamu kala pesa ya mchezo kwa ajili ya ndege ya rimoti, usicheke. Mtu mwenyewe ndiye mimi.

Mchezo wetu hapa Narung'ombe tunacheza watu kumi, elfu hamsini kila mwezi. Zamu yangu ilipofika nikashika laki tano taslimu. Nilishamwahidi bi mkubwa cherehani mpya, maana ile yake ya zamani inakata uzi kila baada ya hatua mbili. Lakini mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa ameniuliza swali: "Mjomba, kwani sisi Kariakoo tunauza tu, hatuundi?" Swali likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nikampa pesa dada mmoja anayefuata nguo Guangzhou. Akaniletea rimoti, mota ya kuzungusha pangaboi, mota nyingine nne ndogo kama kiberiti, kidude cha kupokea mawimbi na betri. Betri aliishika kwenye mkoba wa mkononi, kwani betri za lithiamu za akiba ni marufuku kuziweka kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Vitu kufika, mfuko ukawa mweupe. Cherehani hakuna. Bi mkubwa akaninunia wiki nzima, salamu haitiki.

NDEGE YA BOKSI LA FRIJI

Mwili sikununua. Unayajua yale madude meupe, mepesi, yanayozuia friji isigonge boksi? Maduka ya Kariakoo wanayatupa kila jioni. Nikayakata kwa kisu kikali, nikapata mabawa yenye urefu wa mita moja na ushee. Ndani ya bawa nikapitisha fito la mwanzi. Mkia nikauimarisha kwa vijiti vya mishikaki. Nyaya za kuvuta vibawa vidogo ni spoku za baiskeli.

Kasheshe ilikuwa gundi. Kwa ubishoo wangu nikapaka ile inayokauka haraka. Mama yangu wee! Povu likayeyuka mbele ya macho yangu, likabaki shimo la kupitisha ngumi. Bawa zima nikalikata upya. Fundi seremala wa Gerezani ndiye aliyenifungua macho: tumia gundi nyeupe ya mbao, subiri usiku mzima, acha papara.

Ukidhani povu ni utoto, sikiliza hii. Mwaka 2016 Zanzibar walianza kupiga picha visiwa vyao kutoka angani ili watengeneze ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa urubani wake. Walitumia ndege ndogo ziitwazo eBee. Mwili wake? Povu! Uzito haufiki kilo moja, na inarushwa kwa mkono.

UREMBO NUSURA UNIPONZE

Ikabaki kumalizia. Mpwa wangu akataka rangi za taifa, tukanunua soltepu za rangi Mtaa wa Kongo. Mtoto akaupamba mkia mpaka ukawa kama bibi harusi. Bomba, lakini soltepu nayo ina uzito, na uzito wa mkia si mchezo.

Ndege hupimwa hivi: bawa langu lina upana wa sentimita 20, basi napima sentimita 6 kutoka ukingo wa mbele, nainyanyua ndege kwa ncha za vidole viwili mahali hapo. Ikitulia sawasawa au pua ikainama kidogo, safi. Yangu ilikaa mkia chini kama mbwa aliyeshiba! Ndege ya namna hiyo ukiirusha inanyanyua pua, inakosa mwendo, inadondoka. Tukabandua mapambo nusu, betri nikaisogeza mbele mpaka mizani ikakaa. Mpwa wangu alilia. Nikamwambia afadhali alie leo.

Betri yenyewe ina seli tatu, ikijaa inafika volti 12.6. Naichaji ndani ya chungu cha udongo nikiwa nimekaa pembeni, kwa sababu betri za aina hii zikiharibika huwaka moto. Chungu ni cha bi mkubwa. Kesi ya pili hiyo.

Kisha ukaguzi. Kwanza toa pangaboi, usije ukakatwa vidole. Washa rimoti kabla ya ndege, na wakati wa kuzima anza na ndege. Nikasukuma kijiti kulia. "Mjomba," mpwa akasema, "mbona kibawa cha kulia kinashuka?" Jasho likanitoka. Ukienda kulia, kibawa cha kulia kinatakiwa kipande na cha kushoto kishuke. Yangu ilikuwa kinyume! Ningeirusha hivyo, ningetaka kukwepa watu halafu niwafuate kichwani. Nikageuza swichi kwenye rimoti, tukarudia mara tano.

KIBALI KWANZA

Washikaji wa kijiweni wakaanza: "Twende Jangwani ukairushe, unaogopa nini?" Nusura nikubali. Ila kuuliza si ujinga. Nikaambiwa chombo kinachoruka bila rubani ndani hakirushwi kienyeji: kuna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo lazima ijue. Tena fikiria, Jangwani watoto wanacheza mpira na magari yanapita. Kilo moja ikitoka juu kwa kasi inaweza kumpasua mtu kichwa. Pesa ya mchezo nitairudisha, jicho la mtoto wa mwenzangu nitalirudishaje?

Tukaenda Jangwani Jumapili alfajiri, lakini bila pangaboi, mota imezimwa. Nikaelekea upepo unakotoka, nikaitupa taratibu usawa wa kifua. Ikateleza hewani kama hatua ishirini, ikatua kwenye majani kwa tumbo, haikuchubuka. Mpwa wangu alikimbia akipiga kelele kama Taifa Stars kafunga bao.

Sasa barua ya kuomba kibali nimeshaandika. Kila mwezi naweka akiba ya cherehani, nimeapa kibali kikitoka kabla ya cherehani, ndege itasubiri. Juzi nimerudi nikaikuta ndege inaning'inia juu ya kitanda changu, imevishwa mfuko wa vipande vya kitenge. Bi mkubwa hakusema neno. Ila mishono ile niliihesabu: uzi umekatika mara kumi na moja.