Msaada wa Masomo kwa Wanamichezo: Elimu au Alama?

Katika vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi mwanamichezo huruhusiwa kushindana iwapo tu alama zake za masomo zimefikia kiwango kilichowekwa. Ndiyo maana vyuo humpa washauri na walimu wa ziada. Nia ni njema, lakini msaada huo waweza kumlinda mchezaji uwanjani bila kumwelimisha.

Kisa cha Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kinatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2014 ilibainisha kwamba kati ya 1993 na 2011, zaidi ya wanafunzi 3,100 walisajiliwa katika kozi zisizo na mihadhara. Insha moja ilitosha, na mara nyingi aliyeisahihisha ni mfanyakazi wa ofisi ya idara, si mhadhiri. Karibu nusu ya usajili huo ulikuwa wa wanamichezo, na baadhi ya washauri wao ndio waliowaelekeza huko. Kiswahili nacho hakikusalimika: baadhi ya waliotakiwa kutimiza sharti la lugha ya kigeni waliandika insha kuhusu utamaduni wa Waswahili, tena kwa Kiingereza! (Ngeli walizisoma lini?) Mwaka 2017, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, hakikukiadhibu chuo hicho, kwa hoja kwamba kozi hizo zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote.