Kemia ya Dorayaki, Mkate Mtamu wa Wajapani

Mtu aliyezoea kula maharagwe kwa chumvi na vitunguu hushangaa aambiwapo kwamba huko Japani maharagwe huchemshwa, hutiwa sukari nyingi, na kuliwa kama halua. Miongoni mwa vyakula vitamu vipendwavyo sana nchini humo ni dorayaki, yaani vikate viwili vya mviringo, laini kama sponji, vilivyobana katikati yake maharagwe matamu yaliyopondwa, ambayo Wajapani huyaita anko. Neno dora maana yake ni upatu, na yaki ni kitu kilichookwa au kuchomwa. Jina hilo lafaa kwa umbo la vikate hivyo. Kwa kikaango, mayai, unga na moto wa wastani, mtu yeyote aweza kuitengeneza nyumbani. Hata hivyo, kila hatua ina kemia yake, na asiyeielewa huishia kupata vikate vigumu na anko inayonata kama gundi.

Mapishi haya yana asili mbili. Maharagwe matamu ni chakula cha Asia ya Mashariki tangu zamani. Vikate navyo vinafanana na kasutera, keki ya mayai na sukari ambayo Wajapani walijifunza kwa Wareno katika karne ya 16. Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, walianza kufanya biashara katika bandari ya Nagasaki mwaka 1571. Hapo awali dorayaki ilikuwa kikate kimoja kilichokunjwa. Umbo la sasa la vikate viwili husemekana lilianza mwaka 1914 katika duka la Usagiya, huko Ueno mjini Tokyo.

Kwa nini anko si uji?

Maharagwe yatumikayo ni azuki, ambayo ni madogo na mekundu. Gramu 200 huchemshwa kidogo, kisha maji ya kwanza humwagwa ili kuondoa tanini, ambayo huleta ukakasi. Huchemshwa tena kwa maji mapya kwa muda wa saa moja au zaidi, mpaka punje ipondeke kwa kubanwa baina ya vidole viwili.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Unga wa mahindi ukichemshwa, punje zake za wanga hunywa maji, huvimba na kupasuka, na maji yote huwa mazito: huo ndio uji. Azuki nazo zimejaa wanga, lakini hazigeuki uji. Sababu ni kwamba wanga wa azuki umefungiwa ndani ya seli pamoja na protini. Joto linapopanda, protini hiyo huganda na kuzizingira punje za wanga kabla hazijavimba kabisa. Wakati huo huo pektini, ambayo ni kama saruji iunganishayo seli na seli, huyeyuka. Basi seli huachana moja moja zikiwa nzima, kila moja ikiwa na upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo maana anko huwa na chenga laini mdomoni. Mpishi akiyasaga maharagwe kwa nguvu nyingi, kuta za seli hupasuka, wanga humwagika, na anko huanza kunata.

Sukari, kiasi cha gramu 160 hadi 200, hutiwa baada ya maharagwe kulainika, wala si kabla. Sukari huvuta maji na kuizuia pektini isiyeyuke. Ikitangulia, punje hubaki ngumu hata zikichemshwa muda mrefu. Baada ya kutia sukari, anko hukorogwa juu ya moto mdogo mpaka mwiko uache mfuo chini ya sufuria. Sukari hiyo pia huhifadhi chakula, kwa kuwa huwanyima bakteria na kuvu maji wayahitajiyo.

Wapishi wengi wa Afrika ya Mashariki hutia magadi ili maharagwe yaive upesi. Magadi huilegeza pektini, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Azuki hazihitaji magadi.

Tahadhari

Azuki ni jamaa ya kunde na choroko. Zote ni za jenasi ya Vigna, na zaweza kujaribiwa badala yake. Maharagwe mekundu makubwa ya kawaida ni ya jenasi nyingine, Phaseolus, na yakiwa mabichi yana sumu ya aina ya lektini. Punje chache tu zisizoiva zaweza kuleta kutapika kukali. Joto la nyuzi 80 za Selsiasi haliivunji sumu hiyo. Kwa hiyo maharagwe hayo yalowekwe kwa muda usiopungua saa 5, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya moto kupunguzwa, na yaendelee kupikwa mpaka yalainike kabisa.

Vikate na rangi yake

Mayai 2 hupigwa pamoja na gramu 80 za sukari na kijiko kikubwa kimoja cha asali. Robo ya kijiko cha chai ya sodiamu baikaboneti huyeyushwa katika kijiko kikubwa cha maji na kutiwa humo, kisha huongezwa gramu 100 za unga wa ngano uliochekechwa. Rojo hiyo huachwa itulie kwa muda wa nusu saa ili unga unywe maji na gluteni ilegee.

Joto huivunja sodiamu baikaboneti na kutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Asidi iliyomo ndani ya asali nayo husaidia kuitoa gesi hiyo. Mapovu yanapojitokeza juu ya kikate na kuanza kupasuka, huo ndio wakati wa kukigeuza. Baikaboneti ikizidi, kikate huwa cha manjano na chenye ladha ya sabuni.

Rangi ya hudhurungi hutokana na mmenyuko wa Maillard, ulioelezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis-Camille Maillard. Humo, sukari fulani huungana na asidi za amino zilizomo katika protini. Sukari ya kawaida haishiriki mpaka ivunjike kwanza, ilhali glukosi na fruktosi za asali hushiriki mara moja. Ili rangi iwe sawa pote, kikaango hupakwa mafuta kidogo kisha hufutwa kwa kitambaa. Matone ya mafuta yakibaki, huacha mabaka.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuwagawa wanafunzi katika makundi matatu. Kundi la kwanza lifuate vipimo vilivyotajwa. La pili liache baikaboneti. La tatu litumie sukari ya kawaida badala ya asali. Kiasi cha rojo, ukali wa moto na muda wa kupika viwe sawa kwa wote, kwani mambo mawili yakibadilishwa kwa pamoja haitajulikana ni lipi lililoleta tofauti. Vikate vikipoa, unene wake upimwe kwa rula, rangi ilinganishwe, na matokeo yaandikwe katika jedwali. Kisha kila kundi lieleze, kwa kutumia kemia iliyosomwa, kwa nini kikate chake hakikufanana na vya wenzao. Baada ya hapo vikate vipakwe anko, vifunikwe viwili viwili, na kuliwa.