Kibara, Mwandiko Hujulikana

Tajiri wa mitumbwi ya dagaa hapa Kibara hulala nchi kavu, mali yake ikiwa ziwani. Taa zikiwaka huko majini, yeye hujua tu atakachoambiwa alfajiri mwaloni: leo ziwa limekataa. Huenda kweli limekataa. Huenda pia ndoo kadhaa zimeuzwa hukohuko kwa mtumbwi mwingine, na mafuta ya mashine yakafuata. Anayejua ni kijana anayechota maji mtumbwini, naye hasemi. Nahodha ni mjomba wake.

Wengi hudhani huduma ya kutoa taarifa bila kutaja jina inamfaa mfanyakazi tu. Mimi naona mwenye mali ndiye anayefaidi zaidi. Ripoti ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, ya 2024 ilionyesha kuwa asilimia 43 ya visa vya wizi kazini viliibuliwa na watoa taarifa, zaidi ya nusu yao wakiwa wafanyakazi. Kisa cha kawaida kilikuwa kimedumu miezi 12. Ndoo zikipungua mwaka mzima, tajiri hana mtaji tena.

Kuna sanduku la maoni, utaambiwa. Nimeliona moja: la mbao, kufuli limeota kutu, limetundikwa hatua mbili kutoka mlango wa meneja, na ufunguo anao meneja mwenyewe. Nani atapenyeza karatasi pale? Tena kwenye mji mdogo wa watu waliosoma shule moja, mwandiko hujulikana kama sura.

Ndiyo maana simu ipokelewe na mtu wa nje, asiye na undugu na yeyote pale. Mtoa taarifa hupewa namba ya siri, akipiga tena anaulizwa: usiku gani, ndoo ngapi? Hapo fitina hujitenga na ukweli. Barua isiyo na jina huwezi kuiuliza swali.

Sheria ya kuwalinda watoa taarifa tunayo tangu 2015, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea simu bure kwa 113. Lakini watu wana kumbukumbu. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyefichua kashfa ya ufisadi ya Goldenberg, alifukuzwa kazi 1993 na kufa maskini 2006.

Tajiri mmoja hawezi gharama ya huduma hiyo ya simu. Wa mwalo mzima wakichangishana wanaiweza, na namba iandikwe kwa rangi ndani ya kila mtumbwi, pale kijana anapoinama kuchota maji. Atapiga mchana, mjomba akiwa amelala.