Seli za Sikio: Hujitengeneza, Lakini Hazioti Upya

Je, wajua kwamba unasikia kwa seli 15,000 hivi tu katika kila sikio? Retina ya jicho ina vipokea mwanga zaidi ya milioni 100. Hizi za sikio zimo ndani ya koklea, mfereji uliojikunja kama konokono ndani ya mfupa wa fuvu. Zote ulizipata kabla hujazaliwa, na nyongeza hakuna.

Wajua zinavyofanya kazi? Kila seli ina kishungi cha vinyweleo kilichoshikanishwa kwa nyuzi nyembamba mno. Sauti ikikitikisa, nyuzi huvuta vilango vikafunguka, ishara ikaenda ubongoni. Kelele kali hukata nyuzi hizo. Lakini seli haikati tamaa: seli za vifaranga zilizokatwa nyuzi maabarani ziliziotesha tena ndani ya takriban siku moja.

Na kinyweleo chenyewe kikipasuka? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walieleza kuwa katika panya, protini iitwayo XIRP2 hukusanyika penye ufa na kusaidia kuuziba. Fundi yumo humo humo ndani.

Majirani nao wamo. Seli saidizi hutoa protini ya HSP70 inayowakinga wenzao dhidi ya sumu za baadhi ya dawa. Seli ya kusikia ikifa, hao hao huziba pengo haraka.

Je, wajua msuli mdogo kuliko yote ya mifupa umo sikioni? Hukaza kelele inapozidi, ili mtikisiko upungue. Ila huchelewa kidogo, kwa hiyo mbele ya mlio wa bunduki haufui dafu.

Kuku ametushinda! Mwaka 1988 ilitangazwa kuwa vifaranga na kware walioharibiwa seli za kusikia kwa kelele walizalisha nyingine mpya. Binadamu hana uwezo huo, iliyokufa imekufa. Na zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, ndiyo maana mtu husema, "Nasikia unaongea, ila maneno siyapati."

Hili ndilo la kuogopwa zaidi: mwaka 2009 wanasayansi wa Boston walionyesha kuwa panya waliopigiwa kelele walirudi kusikia kama kawaida na seli zao zikabaki hai, lakini sehemu nyingi za kuunganisha seli na mishipa ya fahamu zilikuwa zimepotea moja kwa moja. Kwa hiyo masikio yaliyovuma usiku wa kigodoro na kutulia asubuhi yasikupe kiburi.

Mpenda muziki, kaa mbali na spika. Shirika la Afya Duniani linashauri mwisho uwe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, ni saa 4. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima.