Ndege mwenye pete mguuni

Wakati wa kuamia uwele hapa Haneti macho yetu huwa juu tangu alfajiri. Ndege wengi tunaowatazama ni maadui wa shamba, kama kwelea kwelea. Lakini siku moja unaweza kuokota ndege aliyekufa, ukaona pete nyepesi mguuni mwake. Usiitupe. Si hirizi, wala si uchawi.

Itazame vizuri. Ina namba. Mara nyingi ina jina la mji na la makumbusho pia: Nairobi, London, Stockholm au Praha. Makumbusho ni nyumba ya kuhifadhi vitu ili watu wajifunze. Makumbusho ya viumbe huhifadhi ndege, wadudu, mimea na mifupa. Sisi tunayo moja Arusha, ndani ya Boma ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1900.

Je, nyumba ya ndege waliokaushwa inahusikaje na ndege wanaoruka?

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi wakati wa baridi. Wengine walidhani hulala matopeni, chini ya maji! Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe. Shingoni alikuwa na mkuki mwembamba wa Kiafrika, urefu wake karibu sentimita 80. Alichomwa huku Afrika, akaruka nao mpaka kwao. Alikaushwa, na mpaka leo anatunzwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mkuki ule, tuseme, ndio uliokuwa pete ya kwanza.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwafunga ndege pete zenye namba. Hiyo ni njia ya huruma zaidi kuliko mkuki.

Huku kwetu kazi kubwa iko Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, Kenya. Usiku wa ukungu, mwezi wa Novemba na Desemba, ndege wasafiri huvutwa na taa za hoteli iliyopo mlimani. Tangu mwaka 1969 watu huwanasa kwa nyavu, huwapima, huwafunga pete na kuwaachia. Wamekwisha kufunga zaidi ya nusu milioni. Mmoja wao ni ndege mdogo wa kahawia, mwenye gramu 12 hivi. Ungehitaji zaidi ya 80 kupata kilo moja. Huzaliana Ulaya, kisha hupita Tsavo na nchi yetu, akaenda mpaka Zambia na mbele zaidi. Pete zimesaidia kuijua njia hiyo.

Sasa faida yetu iko wapi? Mtazame korongo mweupe. Anakuja na mvua, na chakula chake ni pamoja na nzige na viwavijeshi. Viwavi wakiingia malishoni, makundi ya korongo huwafuata. Hadai mshahara. Lakini majaruba na malisho ya Ulaya yakikauka, au sumu ikizidi huku, anapungua kote. Bila pete, nani angejua kwamba korongo wa Poland na korongo wa nyika zetu ni yule yule?

Basi ukimkuta ndege mwenye pete na yu hai, soma namba, andika, mwachie aende. Usiivute pete, utamvunja mguu. Kama amekufa, vua pete na uitunze. Lakini ndege waliokufa mahali palipopulizwa sumu ya kwelea kwelea usiwaguse kwa mikono mitupu, na usiwale hata kidogo. Waonye watoto.

Andika namba yote na maneno yote, tarehe, jina la kijiji, na jinsi ulivyompata. Mpelekee bwana shamba au afisa wanyamapori. Yeye ataandika kwa makumbusho iliyotajwa kwenye pete. Huko wataitafuta namba katika vitabu vyao, nao wataweza kukujibu ndege wako alifungwa wapi, na lini.