Apu ya kukutafutia mgombea: inavyofanya kazi, na mambo ya kuuliza kabla hujaijibu

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo kila mpiga kura Mkenya atapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wa kaunti na mwakilishi wadi. Kuhusu rais huwa tumesikia mengi. Kuhusu mwakilishi wadi, mara nyingi tunachojua ni jina, ukoo, chama na harambee aliyochangia.

Ndiyo maana watu huuliza kama simu inaweza kusaidia. Ujibu maswali machache, nayo ikuonyeshe ni mgombea yupi mnafikiri sawa. Inawezekana, na kwingine duniani jambo hili si geni. Lakini kabla hujaipa apu ya namna hiyo majibu yako, ni vizuri ujue ndani yake mna nini.

Ilianzia kwenye karatasi

Uholanzi ilianza na kijitabu cha karatasi mwaka 1989, kilichoitwa StemWijzer. Baadaye kikaingia kwenye intaneti. Ujerumani ina Wahl-O-Mat tangu 2002, inayoendeshwa na taasisi ya umma ya elimu ya uraia. Katika uchaguzi wa 2021 ilitumika zaidi ya mara milioni 21. Uswisi ilianza smartvote mwaka 2003, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na haja yetu, kwa sababu hailinganishi vyama peke yake. Kila mgombea hujibu kwa jina lake mwenyewe.

Kumbuka hicho kijitabu cha karatasi. Tutakirudia.

Hesabu yenyewe

Watu wengi hudhani ndani ya apu mna akili kubwa ya kompyuta. Hesabu inayotumika Ujerumani unaweza kuifanya kwa kalamu. Unasoma sentensi, kisha unachagua: nakubali, nipo katikati, au nakataa. Mgombea amekwisha kujibu sentensi hizo hizo. Mkijibu sawa, anapata alama 2. Mmoja akiwa katikati na mwingine akiwa na msimamo, alama 1. Mkipingana kabisa, 0.

Tuchukue mfano wa wadi ya kubuni wenye sentensi nne:

1. Pesa za maendeleo ya wadi ziende kwa maji kwanza, barabara zisubiri.
2. Kaunti iendelee kutoza ushuru wauzaji wadogo sokoni.
3. Watoto wa chekechea wapewe uji kila siku, hata kama madarasa mapya yatachelewa.
4. Zahanati zilizopo zifunguliwe usiku, kabla ya kujenga nyingine.

Mama Rehema anakubali ya kwanza, anakataa ya pili, anakubali ya tatu na ya nne. Mgombea wa kwanza amekubali zote isipokuwa ya tatu, ambako yupo katikati. Alama zake ni 2, 0, 1 na 2, jumla 5 kati ya 8. Mgombea wa pili amekataa ya kwanza na ya pili, akakubali zilizobaki. Anapata 0, 2, 2 na 2, jumla 6 kati ya 8. Kwa hiyo wa pili yuko mbele kwa asilimia 75.

Sasa Mama Rehema aseme kwamba kwake maji ndiyo jambo kubwa, kwa hiyo sentensi ya kwanza ihesabiwe mara mbili. Alama za juu kabisa zinakuwa 10. Mgombea wa kwanza anafika 7, wa pili anabaki na 6. Aliyekuwa nyuma amepita mbele, na hakuna mgombea aliyebadilisha jibu hata moja.

Hapo unaona kwamba asilimia hiyo haisomwi kama matokeo ya mtihani. Inategemea maswali yaliyochaguliwa na uzito uliowekwa. Anayetunga maswali ana nguvu kubwa kuliko anayetengeneza apu.

Swali zuri na swali bovu

"Je, unataka maji safi?" ni swali bovu. Kila mgombea atasema ndiyo. Swali zuri lina gharama ndani yake: ukipata hili, lile litasubiri. Pia sentensi moja ibebe jambo moja tu. Ukiandika "kaunti ijenge soko na kuondoa ushuru," anayetaka soko lakini hataki ushuru uondolewe hana pa kujibu.

Jambo la tatu ni kuuliza kiti kinachohusika. Katiba imegawa kazi. Maji, zahanati, chekechea, masoko, kilimo na barabara za kaunti ni za serikali ya kaunti. Polisi na walimu wa shule za msingi na sekondari wako chini ya taifa. Mwakilishi wadi akikuahidi kwamba ataajiri walimu wa sekondari, anakuahidi kilicho nje ya mkono wake. Kazi yake ni kupitisha bajeti na sheria za kaunti, na kumfuatilia gavana na maafisa wake.

Ujerumani sentensi hizi huandaliwa na vijana wapiga kura wakishirikiana na wataalamu. Sentensi nyingi hutumwa kwa vyama vyote vinavyogombea, vyama hujibu vyenyewe na kutoa sababu, kisha huchaguliwa 38 zinazoonyesha tofauti. Hata hivyo kulitokea kesi. Mei 2019, siku chache kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, mahakama ya Cologne iliagiza Wahl-O-Mat iondolewe hewani. Chama kidogo cha Volt kililalamika kwamba mtumiaji aliweza kulinganisha vyama visivyozidi vinane kwa mara moja, na mahakama ikaona vyama vidogo vinaumia. Wahusika walielewana na ikarudi kabla ya siku ya kura. Kwa hiyo hata mpangilio wa majina kwenye kioo unaweza kumpendelea mtu.

Kazi ngumu ni wagombea

Kenya ina wadi 1,450. Hata kila wadi ikiwa na wagombea saba tu, hao ni zaidi ya watu 10,000 wa kufuatwa wajibu, kwa kiti kimoja kati ya sita. Na lazima wajibu wenyewe. Apu ikiwajibia kwa kubahatisha kutoka kwenye hotuba au chama chao, inakuuzia maneno ambayo mgombea atayakana kesho.

Hapo ndipo ilipo faida kubwa ya mpango huu. Mgombea akijibu kwa maandishi, jibu linabaki. Baada ya miaka miwili, bajeti ikipita bila pesa za kisima, wananchi wana kitu cha kumwonyesha. Na asiyejibu aonyeshwe wazi kwamba hakujibu, asifichwe wala kupewa alama za katikati.

Majibu yako yanaenda wapi?

Kura ni siri. Lakini ukijibu maswali thelathini kuhusu siasa, umeandika karibu kila kitu unachofikiri. Mwaka 2018 dunia ilipata habari za kampuni ya Cambridge Analytica. Dodoso la kawaida la kupima tabia kwenye Facebook lilitumika kuchota taarifa za watu, pamoja na za marafiki zao ambao hawakujibu chochote. Facebook yenyewe ilikadiria kwamba huenda watu milioni 87 waliguswa. Na hapa kwetu, Juni 2021, Wakenya wengi walipoangalia kwenye mtandao walikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo.

Apu iliyotengenezwa kwa uangalifu hupakua maswali na majibu ya wagombea mara moja, kisha hufanya hesabu ndani ya simu yako. Majibu yako hayatoki. Tena inafanya kazi hata mtandao ukipotea, na haili bando kila mara. Haihitaji jina lako, namba ya kitambulisho wala orodha ya watu unaowasiliana nao. Ikiviomba, jiulize ni vya nini.

Mwenye kabambe ana shida nyingine. Kwake njia ni namba ya nyota na reli, kama ile ya kuangalia salio. Ukurasa wake hubeba karibu herufi 180 tu, kwa hiyo swali lazima liwe fupi. Lakini kila jibu unalobonyeza hupita mtandaoni pamoja na namba yako, nayo laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Yaani mwenye simu ndogo ndiye mwenye siri ndogo.

Ndipo kile kijitabu cha Uholanzi kinaporudi. Maswali na majibu ya wagombea yanaweza kusomwa redioni, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, Kidigo au Kitaita, au kubandikwa ofisi ya wadi. Wewe unaweka alama zako kwenye karatasi, unajumlisha, unaichana. Hakuna aliyejua.

Asilimia haionyeshi kila kitu

Apu inapima kama mnafikiri sawa. Haipimi kama mgombea ni mwaminifu, kama anajua kusoma bajeti, au kama aliwahi kushika kiti akapotea miaka mitano. Mwizi wa mifugo naye anaweza kukubaliana nawe kuhusu uji wa chekechea. Kwa hiyo asilimia ikusaidie kupunguza orodha, kisha umfuatilie mtu mwenyewe: kazi aliyofanya, baraza alilohudhuria, swali alilolikwepa.

Ukiletewa apu au namba ya namna hii kabla ya 2027, uliza haya:

- Nani ameilipia, na nani ametunga maswali?
- Je, wagombea wote wamealikwa, na wamejibu wenyewe?
- Hesabu inafanywaje, na naweza kuongeza uzito kwa jambo langu?
- Majibu yangu yanabaki kwenye simu au yanatumwa? Kwa nani?

Swali la mwisho ni haki yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila Mkenya haki ya kujulishwa taarifa zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kupinga zisitumiwe. Wenye apu wakishindwa kukujibu kwa sentensi mbili unazozielewa, usiijibu na wewe.