Gisenyi: Kwa nini steki ya hotelini ni laini, na nani hasa anailipia?

Kila mwisho wa juma, barabara ya kilomita zipatazo 150 inayotoka Kigali kupitia Musanze hadi Rubavu hupitisha magari ya watu wanaokwenda kupumzika kando ya Ziwa Kivu. Wapo wenye familia, wapo maharusi wapya, na wapo watumishi waliopelekwa na ofisi zao kwenye warsha ya siku mbili. Jioni, baada ya kuogelea na kupiga picha, hukaa mezani mbele ya maji. Katika orodha ya vyakula watakuta sambaza wa kukaanga, mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Na karibu na mwisho wa ukurasa, pana mstari wenye bei inayomfanya baba wa familia asome mara mbili: steki ya ng'ombe.

Kwa bei ya sahani hiyo moja, bucha ya mtaani huuza nyama ya kuwalisha watu wa nyumba nzima. Lakini nyama ya bucha, ikitiwa kwenye wavu wa mkaa kwa dakika chache kama ya hotelini, hutafunwa mpaka taya zikachoka. Je, mgeni analipia mandhari tu, au kuna jambo limefanyika kwenye nyama yenyewe? Jibu ni yote mawili, na katika hoteli zenye chumba cha kamari kuna mlipaji wa tatu ambaye mara nyingi hajijui.

Ng'ombe wa maziwa sahanini

Katika Rwanda ya zamani ng'ombe hakufugwa kwanza kwa ajili ya nyama. Alikuwa maziwa, mahari, zawadi ya urafiki na kipimo cha heshima. Maneno "gira inka", kuwa na ng'ombe, ni dua njema kwa Kinyarwanda, na mpango wa serikali wa kuzipa familia maskini ng'ombe wa maziwa, ulioanza mwaka 2006, ulipewa jina hilo hilo. Ng'ombe wa fahari, inyambo wenye pembe ndefu, hupambwa na kuimbiwa. Si wa kupelekwa machinjioni ovyo.

Urithi huo umebaki katika ufugaji wa leo. Juu ya Gisenyi, katika milima ya Gishwati inayogawanywa na wilaya za Rubavu, Nyabihu, Rutsiro na Ngororero, kuna malisho ya kijani ambayo mgeni huyapiga picha akidhani yalikuwapo tangu enzi. Sehemu kubwa ilikuwa msitu, uliofyekwa kwa ajili ya mifugo na makazi hasa kuanzia miaka ya 1980. Kipande kilichosalia kililindwa baadaye katika Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura. Ng'ombe wanaolisha huko wengi ni Friziani na machotara wake. Kazi yao ni maziwa, yanayokwenda kwenye kiwanda cha Mukamira na kwenye vibanda vinavyotengeneza jibini ya mtindo wa Kiholanzi.

Basi nani huchinjwa? Kwa kawaida ni dume ambaye hana kazi katika zizi la maziwa, au jike aliyezaa mara nyingi na ambaye maziwa yake yamepungua. Hapa ndipo ugumu unapoanzia. Misuli ya mnyama imefungwa kwa nyuzi za kolajeni, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo nyuzi hizo zinavyoshikamana na kukataa kulainika kwa moto wa muda mfupi. Nyama ya jike mzee ni nzuri sana kwa mchuzi wa saa tatu. Si nyama ya kuchomwa kwa dakika nane. Mpishi wa hoteli anayejua kazi yake hutafuta dume kijana aliyenenepeshwa, na kwa kuwa wafugaji wanaonenepesha kwa makusudi ni wachache, humlipa zaidi. Au huagiza nyama kutoka nje ya nchi, ambayo hufika ikiwa na gharama ya ndege na ya baridi juu yake.

Nyama inayongoja

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, ni muda. Saa chache baada ya mnyama kuchinjwa, misuli hukakamaa. Nyama inayopikwa katika hali hiyo huwa ngumu hata kama imetoka kwa ndama. Ikiachwa katika baridi ya nyuzi kati ya 0 na 4, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kukata nyuzi za misuli polepole, na kila siku inayopita huiongezea ulaini na ladha. Mikahawa ya kifahari huiacha siku 14, siku 21, mingine hadi siku 28. Ikitundikwa wazi katika chumba kikavu hupoteza maji, uzito wake hupungua, na sehemu ya nje iliyokauka hukatwa na kutupwa. Mlaji hulipia pia kilo hizo ambazo hazikufika mezani, pamoja na umeme wa majuma matatu.

Wanyarwanda wengi wamezoea kinyume chake: nyama bora ni ile ya asubuhi, ambayo bado ina joto la mnyama. Mamlaka ya ukaguzi na ulinzi wa walaji, RICA, imekuwa ikisisitiza kwamba nyama ipoozwe kwa saa 24 kabla ya kuuzwa, ihifadhiwe katika baridi na isikatwe juu ya gogo la mti. Wenye bucha walinung'unika kwa sababu ya gharama ya majokofu, na wateja kwa sababu nyama baridi huonekana kwao kama kiporo. Sababu ya kwanza ya agizo hilo ni usafi na afya, lakini mlaji hupata na faida ya pili bila kuiomba, yaani nyama iliyokwisha kupita saa zake ngumu kabisa.

Mtu wa nyumbani anaweza kufuata njia hiyo kwa kiasi. Anunue kipande kizima cha sarara, si nyama iliyokatwakatwa. Akipanguse, akiweke kwenye sahani yenye wavu ndani ya jokofu lenye baridi ya kutosha kwa siku mbili au tatu, kisha akitoe na kukitia chumvi kabla ya kukichoma. Asifanye hivyo mahali ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi.

Sehemu ya mnyama nayo ina neno lake. Buchani Rwanda mteja huomba "iroti", neno lililotokana na Kifaransa, akimaanisha nyama isiyo na mfupa. Ndani ya jina hilo moja huweza kuwamo sarara laini na paja gumu vilevile. Sarara, inayolala chini ya uti wa mgongo, ni laini kwa sababu haifanyi kazi kubwa wakati ng'ombe anapotembea. Ni ndogo pia, kwa hiyo ni ghali. Nyama ya mbavuni ina mafuta yaliyopenya katikati ya misuli na, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ladha yake huishinda sarara kwa mbali, ingawa bei yake mara nyingi ni ndogo.

Mhudumu atauliza iive kiasi gani. Orodha nyingi za Gisenyi hufuata desturi ya Kifaransa: "saignant" ni nyama iliyo nyekundu katikati, yenye joto la nyuzi 52 hadi 55, "à point" ni ya waridi, karibu nyuzi 60, "bien cuit" imeiva kabisa, nyuzi 70 na zaidi. Kwa kipande kizima bakteria hukaa zaidi juu, ambako moto huwaua, ingawa wataalamu wa usalama wa chakula nchini Marekani hushauri nyuzi 63 katikati, kisha nyama ipumzishwe dakika tatu. Nyama ya kusaga ni habari nyingine. Sehemu ya juu imekwisha kuchanganywa na ya ndani, kwa hiyo lazima iive kabisa. Wajawazito, wazee na watoto wachague iliyoiva, na asiwepo wa kuwaonea haya mezani.

Jambo dogo la kijiografia: ziwa hili liko katika kimo cha mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari, na maji hapo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage na michuzi ya Gisenyi huchukua muda mrefu kuliko ya Mombasa. Steki haiathiriki, kwa kuwa ukoko wake wa kahawia hutokana na chuma au mkaa uliopita nyuzi 140.

Swali la halali

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Waislamu wa Rwanda kuwa takriban asilimia 2 ya watu wote, na wengi wa wanaozungumza Kiswahili nyumbani ni miongoni mwao. Kwa desturi ya miaka mingi, wachinjaji wengi katika machinjio ya nchi hii wamekuwa Waislamu, na kwa sababu hiyo mlaji huingia mkahawani akiwa na utulivu fulani. Kwa mshikaki wa mbuzi wa hapa hapa, utulivu huo mara nyingi una msingi. Kwa steki ya kifahari unahitaji kuchunguzwa.

Nyama iliyoagizwa kutoka nje haikupita mikononi mwa mchinjaji wa Rubavu. Iwe na cheti, la sivyo hakuna wa kuithibitisha. Tena, sosi ya pilipili manga katika upishi wa Kifaransa hutiwa konyaki, na ile ya uyoga mara nyingi hutiwa divai. Pombe huwashwa moto ikaruka kiasi, lakini haiishi yote. Wavu uliochoma steki huenda ndio uliochoma nyama ya nguruwe nusu saa iliyopita. Viazi vya kando vinaweza kuwa vimekaangwa katika mafuta ya pamoja.

Haya yote huulizwa kwa adabu kabla ya kuagiza, na Gisenyi ina neema yake: mji huu umepakana na Goma ukuta kwa ukuta, na Kiswahili ni lugha ya soko na ya mpaka. "Samahani ndugu, nyama hii imechinjwa wapi? Sosi ina pombe? Mnaweza kunichomea kwenye kikaango cha peke yake?" Mpishi mzuri hakasiriki. Akijibu kwa kubabaika, sambaza wapo, na samaki hahitaji mchinjaji.

Steki ya "bure"

Tumefika kwa mlipaji wa tatu. Hoteli za Gisenyi huishi hasa kwa ziwa, mikutano na wageni wa mwisho wa juma, wakiwamo wale waliozoea kuvuka kutoka Goma kabla ya mji huo kuingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Hapa si Sun City ya Afrika Kusini, iliyofunguliwa mwaka 1979 kwa ajili ya kamari, wala Las Vegas. Lakini msafiri wa Afrika Mashariki hukutana na hoteli za kasino kila anapokwenda, na karibu zote zina mkahawa wa nyama wenye taa hafifu hatua chache kutoka kwenye meza za kuchezea. Hilo halikutokea kwa bahati.

Huko Las Vegas, tangu miaka ya 1940, wenye kasino waligundua kwamba chakula kingi cha bei ndogo humzuia mchezaji asitoke nje ya jengo. Hasara ya jikoni ililipwa na faida ya mezani. Baadaye ikaja zawadi ya mlo: anayecheza kwa muda mrefu hupewa steki bila kulipa. Hesabu yake si siri. Gurudumu la ruleti la Kizungu lina matundu 37, lakini anayeotea namba moja sawasawa hulipwa mara 35 tu ya dau lake. Tofauti hiyo huiachia nyumba, kwa wastani, asilimia 2.7 ya kila dau.

Tuchukue mfano wa mtu anayeweka faranga 10,000 kwa kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, kwa saa nne. Ameweka mezani jumla ya 1,600,000, na kwa wastani ataacha hapo 43,200. Nyumba ikimrudishia theluthi moja kwa njia ya mlo, hiyo ni sahani ya 14,400. Ataondoka akisimulia jinsi alivyokirimiwa, na amelinunua pande lile la nyama mara tatu. Na huo ni wastani. Usiku mmoja unaweza kumpa ushindi, mwingine ukamla mshahara. Mashine za mitaani ni kali kuliko ruleti, na Wanyarwanda wamezipa jina lisilohitaji ufafanuzi: ikiryabarezi, kinachokula walezi.

Kwa Mwislamu maisiri ni haramu na mjadala huishia hapo, ingawa kila mzazi anajua kwamba vijana hawakuishia hapo. Kwa wengine, sheria ndiyo mpaka. Rwanda ilitunga sheria ya michezo ya bahati nasibu mwishoni mwa mwaka 2011, na mwaka 2024 usimamizi wake ulihamishiwa Bodi ya Maendeleo, RDB. Mabadiliko ya kodi ya mwaka 2025 yalipandisha kodi ya mapato ya kampuni za kamari kutoka asilimia 13 hadi 40, na ile inayokatwa kwenye ushindi wa mchezaji kutoka asilimia 15 hadi 25. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, hivyo familia iliyokuja na watoto itabaki upande wa mkahawa, ambako steki hulipiwa kwa bei iliyoandikwa.